Jicho Lisilo na Haraka

Kariakoo darubini huuzwa kwa nambari. Utaikuta ndani ya kabati la kioo, katikati ya tochi za kuchaji, mashine za kunyolea na redio za mkononi, na ubavuni mwake imechapwa 30x60, au 60x60, au nambari kubwa kuliko hizo kwa wino wa dhahabu. Muuzaji hana habari na vioo. Anaigusa nambari kwa kidole. "Hii bosi, ukisimama Feri unamwona mtu wa Kigamboni anavyopiga mswaki." Pembeni, kama ipo, kuna nyingine ndogo nyeusi, ya kukunja na kutia mfukoni mwa shati, imeandikwa 8x25 basi. Hiyo haitolewi mpaka uiulizie. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini Mtaa wa Kongo kila kitu hujitembeza, kwa kipaza sauti kilekile, na kazi ya kuchambua anabaki nayo mnunuzi.

Kazi hiyo ya kuchambua ndiyo ninayotaka kuitafakari, kwa sababu nimefika mahali pa kuamini kwamba umbali ni sehemu ndogo tu ya thamani ya darubini. Sehemu kubwa ni ule muda inaokupa kati ya kuona na kuamua. Darubini mbovu humfanya mtu aamini kwamba ameshaona. Nzuri humfanya asite, atazame tena, na mara nyingine akiri kwamba alichodhani sicho.

Tuanze na nambari zenyewe. Ya kwanza inasema kitu kitasogezwa mara ngapi: kwa 8, kunguru aliye mita 80 ataonekana kama yuko mita 10. Ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Ukigawanya ya pili kwa ya kwanza unapata upana wa mwali wa mwanga unaoingia jichoni, na hapo ndipo ukweli wa darubini ulipo. 8x25 inatoa mwali wa milimita 3 na ushee. 10x25 inatoa 2.5. Mboni ya jicho la binadamu, katika jua la saa sita la Dar es Salaam, hujibana mpaka milimita 2 au 3, kwa hiyo vidarubini hivyo vidogo vinatosha kabisa mchana. Magharibi ikiingia mboni hupanuka; ya kijana hufikia milimita 7, ya mtu mzima hupungua kadiri miaka inavyokwenda. Hapo ndipo anayetazama alfajiri au jioni huhitaji 8x42, yenye mwali wa milimita 5 na robo, na akubali kubeba uzito wake shingoni.

Sasa chukua ile 60x60. Kama nambari ingekuwa ya kweli, mwali wake ungekuwa wa milimita moja, yaani picha ya giza mchana kweupe. Mtetemo wa mkono nao ungekuzwa mara 60, na hakuna mkono wa binadamu unaotulia kiasi hicho bila kuegemezwa kwenye stendi ya miguu mitatu. Kwa wengi wetu mara 8 ni raha na mara 10 ni mpaka. Mara nyingi, hata hivyo, nambari hiyo ni pambo tu: weka rula kwenye kioo cha mbele na utakuta hakifiki milimita zilizotajwa. Zipo pia zile za kuvuta na kurudisha, ambazo hutangazwa kwa nambari mbili za ukuzaji kwa bei ya moja. Katika bei za chini huwa hazina ukuzaji hata mmoja unaoridhisha.

Kilicho ndani ya bomba ni historia ndefu kuliko sura yake inavyodokeza. Mwitaliano Ignazio Porro alipata hataza ya prizimu zake mwaka 1854: vipande vya kioo vinavyokunja njia ya mwanga na kuisimamisha picha, ili bomba liwe fupi na dunia isionekane kichwa chini. Kiwanda cha Zeiss huko Jena, Ujerumani, kikiongozwa na Ernst Abbe, kilianza kuuza darubini za prizimu mwaka 1894. Dar es Salaam wakati huo ilikuwa na miaka mitatu tu tangu Wajerumani wahamishie hapa makao ya koloni lao kutoka Bagamoyo. Mwaka 1935, kiwandani humohumo, Alexander Smakula akabuni utando mwembamba wa kupaka kwenye lenzi ili mwanga usirudishwe nyuma. Kioo kitupu hurudisha kama asilimia 4 ya mwanga kwenye kila uso. Ukiwa na nyuso kumi njiani, theluthi ya mwanga imepotea kabla haujakufikia.

Elimu hiyo yote inaweza kupimwa kwa macho matupu mbele ya duka. Inamisha darubini chini ya taa na utazame kivuli cha taa kwenye kioo cha mbele. Kikiwa hafifu, cha rangi ya zambarau au kijani, utando upo. Kikiwa cheupe na kikali, kioo ni kitupu. Kioo kikiwaka chekundu mithili ya kioo cha gari la harusi, huo ni urembo unaoitupa nje sehemu ya mwanga uliyolipia.

Kisha toka nayo nje. Kariakoo ina kila kitu kinachohitajika kwa majaribio: nyaya za umeme, mnara wa msikiti, maandishi ya mabango ghorofa ya saba. Funga jicho la kulia, lenga bango kwa gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lisome vizuri. Kisha funga la kushoto na uzungushe pete ya jicho la kulia, bila kugusa gurudumu tena. Macho ya mtu hayalingani, na pete ile imewekwa kwa ajili ya tofauti hiyo. Wapo wanaomiliki darubini miaka mingi bila kuigusa, wakalalamika kwamba inaumiza kichwa. Halafu tazama ukingo wa paa ulionyooka na uisogeze darubini taratibu mbali na uso. Mstari wa paa ukivunjika vipande viwili visivyokutana, mabomba mawili hayatazami upande mmoja. Dukani ubongo wako utayalazimisha yakutane. Jioni utaulipa kwa kipandauso. Inyanyue mwisho kuelekea anga angavu, mbali na jua, kwa urefu wa mkono, na utazame kiduara cha mwanga kwenye kioo cha jicho. Kiwe duara kamili. Kikiwa kimekatwa pembeni mpaka kufanana na mraba, prizimu zake ni za kioo cha daraja la chini. Anayevaa miwani aijaribu akiwa ameivaa, vikombe vya mpira vikiwa vimekunjwa. Akiona picha kama kupitia tundu la ufunguo, aachane nayo.

Haya yote yanachukua kama dakika kumi, na katika dakika hizo hutabaki peke yako. Kijana wa mkokoteni atasimama. "Anko, unaona nini huko?" Utampa, naye atampa mwenzake. Sijui mahali pengine ambapo chombo cha mtu mmoja hugeuka cha watu watano upesi namna hiyo. Na kila anayeipokea hufanya jambo lilelile: huelekeza kwanza mbali kabisa, hachoki kutafuta umbali, halafu bila kupanga hutulia kwenye kitu cha karibu alichokiona maisha yake yote.

Kitu hicho mara nyingi ni kunguru. Kunguru wa Dar es Salaam ni mgeni wa asili ya Bara Hindi. Waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 kwa matumaini kwamba watasafisha taka, wakaongezeka, wakavuka bahari na kulimiliki jiji. Kwa jicho tupu ni weusi na basi. Ndani ya lenzi shingo na kifua vina rangi ya kijivu cha majivu, na kichwa cheusi kimekaa juu yake kama kofia. Siku ukibahatika kumwona kunguru wa kienyeji, mwenye kifua cheupe, ambaye zamani ndiye aliyekuwa mwenye mji, utajua kwamba lile kundi ulilolilaani kwa jina moja lilikuwa na mwenyeji ndani yake.

Mwendo mfupi kutoka hapo, pale Salenda ambapo Mto Msimbazi unaingia baharini, maji yakitoka tope hubaki wazi na ndege hushuka kula. Kuanzia Agosti mpaka Aprili wengi wao ni wasafiri waliotaga Siberia na kaskazini mwa Ulaya. Abiria wa daladala, akiwatupia jicho darajani, huona vitu vidogo vya kahawia vinavyokimbia. Mwenye 8x25 ataanza kutofautisha: sululu kwa mdomo wake mrefu uliopinda kuelekea chini, vitwitwi kwa urefu wa miguu na namna wanavyokwenda, mmoja akikimbia na kusimama ghafla, mwingine akichoma tope bila kupumzika. Wengine hutawatambua, na hilo nalo ni sehemu ya mafunzo. Mtazamaji mzuri wa ndege hujulikana kwa wepesi wake wa kusema "bado sijamjua" na kuendelea kutazama.

Jioni ya tarehe 29 ya mwezi wa Kiislamu, jiji zima hugeuka mtazamaji. Wengi hudhani ufukweni ndipo pa kuungojea mwezi mwandamo, labda kwa kuwa ufukweni ndiko kwenye upeo mpana. Lakini bahari ya Dar es Salaam iko mashariki, na mwezi mchanga huonekana magharibi, mahali jua lilipotua, juu ya Ubungo na vilima vya Pugu. Paa la ghorofa la Kariakoo lina nafasi nzuri kuliko mchanga wa Ocean Road. Katika latitudo zetu hilali mara nyingi hulala chali kama ngalawa, hafifu, dakika chache tu kabla haijazama. Darubini husaidia hapa kwa sharti lisilo na mjadala: isiinuliwe mpaka jua limezama lote, kwa maana lenzi ileile inayokusanya mwanga wa mwezi hukusanya moto wa jua na kuchoma jicho pasipo maumivu ya kuonya. Kama ushahidi wa darubini unakubalika, hilo ni la mashehe, na wamegawanyika juu yake. Wanachokubaliana ni kwamba aliyeona lazima aulizwe: uliona wapi, pembe zilielekea wapi, ulikuwa na nani. Kuona peke yake hakutoshi kutangaza sikukuu.

Kutoka kwenye paa hilohilo linaonekana jambo jingine. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, yenye vyumba vitatu kila upande wa ukumbi, ilikuwa na baraza mbele kwa ajili ya watu na ua nyuma kwa ajili ya wenyewe. Uani palipikwa, palifuliwa, watoto walioga. Ukuta wa urefu wa mtu ulitosha kuwa stara, maana jirani naye aliishi chini. Yalipopanda maghorofa ya orofa kumi, nyua zilizosalia zilibaki wazi kwa juu, na hakuna aliyewaomba ruhusa wenye nyumba. Macho hayana pazia, tunasema, na usemi huo humwondolea lawama mpita njia aliyeona kwa bahati. Haumhusu mwenye darubini. Aliyeinua chombo, akalenga, akasahihisha pete ya jicho la kulia, huyo hakuona kwa bahati. Kwa hiyo jambo la kwanza la kujifunza katika mji uliobanana ni wapi lenzi isielekee: madirishani, uani, kwenye kamba za nguo. Pale Kivukoni vilevile, karibu na Ikulu, bandari na maeneo ya jeshi, darubini ibaki mfukoni. Askari atakayekuuliza atakuwa na haki ya kuuliza.

Mwindaji ndiye aliyelipeleka wazo hili la kujizuia mbali kuliko sisi wa mjini. Nchini Tanzania uwindaji wa kitalii unaongozwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na kanuni zilizoifuata zinamtaka simba anayepigwa awe dume asiyepungua miaka sita. Lakini simba hatembei na cheti cha kuzaliwa. Manyoya ya shingo hudanganya, kwa kuwa hutegemea joto la mahali na bahati ya mnyama mwenyewe. Katika sehemu nyingine dume mzee hubaki na shingo nyepesi. Mwaka 2004 watafiti waliofanya kazi Serengeti walichapisha alama iliyo bora zaidi: pua. Ya simba mchanga ni ya waridi, na kadiri anavyokua madoa meusi huongezeka. Akivuka miaka mitano, zaidi ya nusu ya pua huwa imegeuka nyeusi.

Fikiria sasa hesabu ya macho. Mnyama yuko mita 150, chini ya kivuli cha mkwaju, jua linakaribia kutua, na mwindaji bingwa anatakiwa kumwambia mgeni aliyelipa maelfu ya dola kama pua ile ni nyeusi nusu au zaidi ya nusu. Ndiyo maana wanabeba 8x42 au 10x42 na kuisema vibaya ile ya mfukoni: mwali wa milimita 2.5 hauwezi kusoma pua saa kumi na mbili jioni. Ukiona simba amenyeshewa na mvua usidhani ni paka, husemwa kwa maana ya kumheshimu aliyechakaa. Kwa mwindaji bingwa kuna la ziada: usimdhani mzee kijana, wala kijana mzee. Lenzi nzuri, kwake, inapata faida yake siku inapomfanya aseme "huyu hapana," gari liwashwe, na wote warudi kambini mikono mitupu.

Kutoka hapo ndipo ninapoelewa kanuni ambayo wawindaji waangalifu huwafundisha wanagenzi kabla ya jingine lolote: darubini ya bunduki si ya kutazamia. Iko juu ya mtutu, hivyo chochote unachokitazama kwayo umekwisha kukilenga. Kikiwa ni ng'ombe wa mtu, au mtu mwenyewe anayeokota kuni, umemnyooshea silaha ili umtambue. Kwa hiyo mwindaji hubeba vioo viwili, vikiwa na kazi mbili zisizochanganywa. Cha mkononi ni cha kuuliza. Cha bunduki huinuliwa baada ya jibu kupatikana. Sijapata kuona mahali pengine ambapo tofauti kati ya kujua na kutenda imegawiwa vyombo viwili kwa uwazi namna hii. Na ni sababu tosha ya kutonunua darubini ya bunduki kwa udadisi, eti inavuta vizuri, hata kama ingekuwa rahisi: kwa asiye na bunduki haina kazi, na kwa mwenye bunduki ina masharti yake.

Kariakoo yenyewe ilipata jina lake kwa wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, vita vilivyoufuta mpaka huo. Waingereza waliingia Dar es Salaam Septemba 1916, na hapa ndipo palipokuwa na kambi ya wapagazi waliobebeshwa chakula na risasi za jeshi kuelekea kusini. Miezi minne baadaye, tarehe 4 Januari 1917, huko Beho Beho karibu na Rufiji, aliuawa Kapteni Frederick Courteney Selous, mwindaji mashuhuri wa Kiingereza mwenye umri wa miaka 65. Inasimuliwa kwamba aliinua kichwa na darubini yake atafute adui aliko, na mdunguaji wa upande wa Wajerumani akamwahi. Mtu aliyepitisha maisha akiwatazama tembo na simba kwa lenzi, akafa akiwa ametazamwa yeye. Pori lile likapewa jina lake, na mwaka 2019 sehemu yake kubwa ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Kisa cha Selous hupendwa kwa sababu kina umbo. Cha wapagazi hakina. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara, homa na njaa, na waliobaki hai hawakupewa pori wala mtaa wenye jina la mmoja wao. Ofisa aliyesimama kilimani na darubini bora za zama zile aliweza kuona moshi wa kambi ya adui maili kadhaa mbele. Msururu wa watu waliobeba mizigo nyuma yake haukuhitaji kioo, na ndio usiotazamwa. Ninapoisifu lenzi kwa kumfunza mtu kusita, sharti nikumbuke hili pia. Kioo hakina dhamira. Husogeza kile tu ulichochagua kukielekezea, na uchaguzi wa mwelekeo hufanyika kabla hakijafika jichoni.

Baada ya kununua kuna kutunza, nako ni kusita kwa namna nyingine. Adui wa vioo katika mji huu ni unyevu. Masika ya Machi hadi Mei, hewa ya chumvi mwaka mzima, kabati la mbao lisilopitisha hewa: hapo kuvu huota juu ya lenzi kwa ndani, nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, na asidi yake huula utando wa kioo usiweze kurudi tena. Mfuko wa ngozi uliokuja na darubini ndio kitanda kinachopendwa na kuvu, kwa sababu ngozi hushika maji. Dawa yake imetapakaa Kariakoo bure: vile vifuko vya punje zinazonyonya unyevu vilivyomo ndani ya maboksi ya viatu, ambavyo wauza viatu huvitupa kwa mamia. Viokote, vikaushe vizuri, vitie pamoja na darubini ndani ya dishi la plastiki lenye mfuniko unaobana. Mchele, ambao wengi huusifia, huacha vumbi. Kabla ya kununua iliyotumika, ile inayoletwa na mitumba kutoka ng'ambo, ingiza mwanga wa tochi ya simu upande wa mbele, tazama upande wa pili. Nyuzi zikionekana, bei yoyote ni ghali.

Vumbi likiingia kwenye kioo, mkono kwanza hukimbilia pindo la shati au ncha ya kanga. Uzuie. Vumbi la Dar es Salaam ni mchanga, na mchanga ukisuguliwa huchora. Puliza kwanza kwa kipira, fagia kwa brashi laini, kisha ndipo utoe pumzi kidogo na upanguse kwa kitambaa cha miwani, kwa mzunguko, bila kukandamiza. Ukitoka kwenye kiyoyozi cha ofisi za Samora ukaingia joto la nje, vioo vitafunga ukungu. Subiri ujitokee wenyewe. Usiiache garini juani, gundi na grisi zitalainika. Na ikianguka, picha zikawa mbili, usimpelekee fundi saa wa barazani kwa mazoea. Ni hodari wa kufungua na kufunga, lakini kuyarudisha mabomba mawili yatazame nukta moja kunataka mtambo maalumu wa kupimia. Ya bei ndogo ikifikia hapo imekwisha. Ya bei kubwa hurudishwa kwa waliotengeneza.

Mtu anaweza kunijibu kwamba kusita ni anasa ya wenye shibe. Machinga aliyetandika turubai lake pembeni mwa Mtaa wa Msimbazi anasoma umati kwa nukta moja: huyu ananunua, huyu anauliza tu, yule ni mgambo. Akichelewa kuhukumu, bidhaa zinakamatwa na watoto wanalala njaa. Jicho lake halikununuliwa, na ni kali kuliko lenzi nyingi. Nalikubali hilo kwa moyo wote. Sitamfundisha mimi namna ya kutazama.

Lakini mfuate mfanyabiashara huyohuyo alfajiri anapokwenda kuchukua mzigo wa jumla. Hapo haraka yote inamtoka. Anakunjua kitenge hadi mwisho, anavuta uzi, anakisugua kwa kidole kilicholowana aone kama rangi inatoka. Anapinda soli ya kiatu, anakinusa gundi. Bei aliyotajiwa anaiacha hewani, anakwenda duka la pili, anarudi. Hakuna nambari iliyochapwa kwenye boksi inayomtisha, maana ameona maboksi mengi. Anajua kwamba hela iko katika kununua, na kwamba asubuhi ile ndipo pekee anapoweza kuikataa bidhaa; ikishafika kwenye turubai lake, itakuwa shida yake. Kwa hiyo anayekuhimiza uchukue 60x60 sasa hivi kabla hazijaisha, yeye mwenyewe hakununua mzigo wake namna hiyo. Mwombe dakika kumi, utoke nayo nje. Anajua vizuri kwa nini unaziomba.